Mlalamikaji Asigeuzwe Mshtakiwa: Harakati za Wanawake Dhidi ya Unyanyasaji wa Kingono



Naomba nianzie Unguja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, aliimba wimbo uitwao Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyebakwa na kuuawa. Mtuhumiwa alikimbilia bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakageuziwa kibao kortini kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku ile. Siti hakusoma shule na hakuwa na cheo serikalini. Alichokuwa nacho ni sauti, na kwa sauti hiyo hukumu ya korti ikafika mabarazani na majumbani, watu wakaijadili.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kila nikifuatilia historia ya jambo hili nakutana nacho tena kwa sura nyingine. Mwanamke akisema ametendewa ubaya, wa kwanza kuchunguzwa ni yeye. Alivaa nini? Saa zile alikuwa anatoka wapi? Mbona hakupiga kelele? Mbona amekaa mwezi mzima ndipo aseme? Tunapenda kusema kwamba wanawake wananyamaza na kwamba kazi yetu ni kuwapa ujasiri. Sikubaliani na maelezo hayo. Wanawake wamesema siku zote: wamewaambia mama zao, shoga zao, wenzao wa bweni na wa meza ya jirani sokoni. Wanachokipima kabla ya kwenda mbele zaidi ni gharama, na mara nyingi wanaipima sawasawa. Kazi ya harakati za ufeministi hapa kwetu imekuwa kuipunguza gharama hiyo, na ninataka tuitazame kazi hiyo kwa jicho hilo.

Mlimani, 1990

Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake walianzisha chama chao, TAMWA, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Fatma Alloo. Jarida lao waliliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya mwimbaji yule wa Unguja. Chama kilikuwa bado kichanga pale Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipojiua.

Inafaa tueleze kilichomfikisha hapo, maana wengi mliopo humu mlikuwa hamjazaliwa. Pale chuoni kulikuwa na kitu kikiitwa Mzee Punch. Lilikuwa kundi la wanafunzi waliojificha nyuma ya jina hilo, wakibandika kutani karatasi za michoro na maandishi bila kujulikana ni nani. Lilianza kwa sifa ya kuukosoa utawala, likageuka kuwa fimbo ya kuwachapa wanafunzi wa kike: aliyemkataa mwanamume, aliyeonekana anajidai, aliyethubutu kugombea uongozi. Msichana aliamka asubuhi akakuta jina lake ukutani, mwili wake umechorwa, watu wamezunguka wanasoma. Tena haikuishia kwenye karatasi. Aliyebandikwa alitengwa, kwa kuwa aliyeonekana naye aliweza kubandikwa kesho yake. Levina alikuwa amemkataa mwanamume, akaandamwa hadi akakata tamaa ya kuishi.

Hapo ndipo gharama ya kusema inapoonekana kwa ukubwa wake wote. Mnyanyasaji hana jina, anayenyanyaswa anajulikana na chuo kizima, na marafiki ambao wangesimama naye wameshatishwa. Angekwenda kumshitaki nani?

TAMWA hawakukubali kifo kile kiitwe msiba wa familia moja. Waliandika, wakatangaza redioni, wakashirikiana na wanataaluma wanawake wa pale pale chuoni Mlimani na wanasheria wanawake. Mbinu yao ilikuwa ya kishindo: jambo moja linatoka magazetini na redioni kwa wakati mmoja, habari ikifuatwa na makala, makala ikifuatwa na mahojiano, huku wengine wakizungumza na wabunge. Mtu akifunga gazeti analikuta redioni. Mhariri mmoja akikataa habari, mwenzake ameshaichapa. Na hakuna mwandishi aliyebaki peke yake akinyooshewa kidole kwamba ana chuki na wanaume, kwa sababu walikuwa wengi kwa mkupuo mmoja.

Baada ya miaka ya kishindo hicho, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipitishwa mwaka 1998. Kwa sheria hiyo, Kanuni ya Adhabu iliutaja unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai, wa maneno na wa vitendo, ukiwemo ule unaofanywa na mwenye mamlaka kazini au mahali pengine. Kutoka kifo cha Levina hadi sheria ni miaka 8. Nawaomba vijana mliokulia kwenye mitandao mkumbuke hesabu hiyo. Wimbi la MeToo ("Mimi pia"), la wanawake kusimulia mitandaoni walivyonyanyaswa, lililoenea duniani Oktoba 2017 lilikuwa na nguvu, na Tarana Burke aliyeanza kutumia maneno hayo mwaka 2006 anastahili heshima yake. Lakini mwanamke wa Kitanzania hakusubiri wimbi hilo ndipo ajifunze kusema.

Sheria inayomtisha aliyeumizwa

Kenya ilipata Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, kwa muswada wa Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge. Sheria ilipita, lakini ndani yake kikaingizwa kifungu cha 38: anayetoa tuhuma ya uongo apewe adhabu ile ile ambayo mtuhumiwa angepewa. Kwa masikio ya haraka kinasikika kama haki. Sasa jiweke mahali pa mwanamke asiye na shahidi, ambaye kosa limetendwa mlango umefungwa, na anaambiwa kwamba kesi ikimshinda anaweza kufungwa yeye. Wanaharakati wa Kenya walikipinga kifungu hicho hadi kikafutwa mwaka 2012. Miaka miwili baadaye, tarehe 17 Novemba 2014, wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo mchana kweupe kwenye kituo cha matatu, video ikasambaa. Waliosema kwamba alivaa vibaya walijibiwa barabarani, na mamia ya wanawake waliovaa walivyotaka.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 iliitambua rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 kinamlenga mwenye mamlaka anayeshurutisha ngono kuwa sharti la ajira, kupandishwa cheo, haki au upendeleo. Adhabu iliyowekwa mwaka 2007 ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu hiki kiliandikwa kwa akili, maana kinamtazama aliyeshika kalamu ya maksi au ya ajira. Hata hivyo, mwaka 2024 lilipelekwa bungeni pendekezo la kukiongezea kifungu hicho maneno yatakayomwadhibu pia anayemshawishi mwenye mamlaka kwa ngono. Wanaharakati walisimama kulipinga, nami nasimama nao. Mhadhiri angebanwa, neno lake la kwanza lingekuwa kwamba ni mwanafunzi aliyemfuata. Mwanafunzi mwenye miaka 20, ambaye matokeo yake yako mkononi mwa mtu huyo, angeingia ofisi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, akiwa mlalamikaji bila kujua angetoka akiwa nani.

Hata mwenye elimu na jina hakingiki. Mwaka 2018 Dk. Vicensia Shule, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika hadharani kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Yeye ndiye aliyeitwa kujieleza. Sasa fikiria mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka kijijini kwa mkopo wa serikali.

Sokoni

Nataka nikae zaidi hapa, kwa sababu naamini masoko ya Dar es Salaam yana somo ambalo vyuo na ofisi hazijalichukua.

Mamalishe anabeba sahani katikati ya wapagazi na madalali. Mmoja anampiga kofi la makalio, wengine wanacheka. Mteja anakula, anaulizia bei ya chakula, kisha anaulizia bei ya aliyekipika. Muuza nyanya anatukanwa matusi ya nguoni mbele ya wanawe kwa sababu amekataa kupunguza mia mbili. Kwa miaka mingi hayo yaliitwa mazoea ya soko, na aliyelalamika aliambiwa kama hawezi utani abaki nyumbani.

Shirika la Equality for Growth liliingia na kampeni yenye jina linalojieleza lenyewe: Mpe Riziki Si Matusi. Lilitoa mafunzo ya sheria kwa wafanyabiashara wenyewe ili wawe wasaidizi wa kisheria palepale sokoni, na masoko yakawekewa miongozo yenye adhabu kwa wanaotukana na kushikashika. Tazama kinachobadilika. Mlalamikaji hafungi genge lake asubuhi nzima kwenda polisi. Anamwendea mwenzake anayeuza vitunguu meza ya tatu kutoka kwake, ambaye anawajua wote wawili, aliyelalamika na aliyelalamikiwa, na ambaye kesho na keshokutwa atakuwa palepale. Jambo likizidi uwezo wa soko linapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na mlalamikaji anasindikizwa. Anayepokea malalamiko si bosi wa mlalamikaji, wala hapandishwi cheo na mtuhumiwa.

Linganisha na taasisi nyingi tunazotoka. Sera ipo, imechapwa vizuri, ipo kabatini. Inasema malalamiko yapelekwe kwa mkuu wa idara. Na mkuu wa idara akiwa ndiye mtuhumiwa? Sera nyingi nilizozisoma hazina jibu, au zinasema apelekewe mkubwa wake, ambaye wanakaa naye vikao vyote.

Sisi wenyewe wanaharakati tuna deni hapa. Tunavaa fulana ifikapo Novemba 25, siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinapoanza, tunaandamana na brasbendi, na Desemba 10 ikipita mabango yanakunjwa. Aliyepata ujasiri wa kusema ndani ya zile siku 16 anakwenda kortini Machi, shauri linaahirishwa, anarudi Mei, linaahirishwa tena, na nauli ni yake mwenyewe. Ndugu wa mtuhumiwa wamekuja kumi, yeye yuko na dada yake. Naona ni heri tupunguze fulana na tulipe nauli. Naona ni heri kila kikundi kiwe na zamu ya watu watatu wanne wa kukaa kwenye benchi la mahakama siku ya shauri, hata kama hawatasema neno. Hakimu anawaona. Mtuhumiwa anawaona. Mlalamikaji anajua hakuachwa.

Kwa ajili ya kazi ya makundi mchana huu, naomba kila mshiriki atoe mwongozo wa taasisi yake, chuo, kiwanda, chombo cha habari au soko, na tusome vifungu vyake vitatu tu: malalamiko yanapokelewa na nani, mpokeaji huyo anawajibika kwa nani, na mlalamikaji analindwaje kati ya siku anayosema na siku ya uamuzi. Wasio na mwongozo wakae kundi moja, waanze kuuandika leo.