Mapezi ya Mzamiaji wa Geita na Shinyanga: Tope Kwanza, Kasi Baadaye

Shule za uzamiaji wa burudani hapa nchini ziko zaidi pwani, Unguja na Mafia. Mkazi wa Geita au Shinyanga aliyejifunzia huko huelekea kununua mapezi kama yale aliyofundishiwa: mepesi, ya plastiki, ya kuvaa mguu mtupu. Mapezi hayo si mabaya, ila yanafaa maji mengine. Anayekusudia kuzamia Ziwa Victoria, upande wa Nkome au Chato, atazame kwanza tope la chini, kisha ndipo aulize habari za kasi.

Sehemu kubwa ya sakafu ya ziwa hili ni tope laini, na maji yake, tofauti na ya Mnemba kule Unguja, hayaoneshi mbali. Mzamiaji anayepiga miguu juu na chini husukuma maji kuelekea sakafuni. Tope huinuka, na mwenzake aliye nyuma haoni hata mkono wake. Dawa yake ni teke la chura: magoti yakunjwe, nyayo zigeuzwe nje, maji yasukumwe nyuma. Teke hilo hudai pezi fupi, pana na gumu kiasi, kwa maana pezi refu laini hujipinda kabla halijasukuma kitu. Ndiyo maana napendekeza mapezi ya kisigino wazi, yenye mkanda wa springi, yavaliwe na buti za neopreni. Buti hizo pia hulinda nyayo kwenye mawe na makombe ya ufukweni, ingawa asidhani mtu kwamba zinamkinga na kichocho.

Watakaopinga watasema pezi refu lina kasi. Kweli, lakini kasi ina gharama: ukiizidisha mara mbili, ukinzani wa maji huongezeka takriban mara nne, na mtungi hupungua upesi. Isitoshe, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali majedwali ya kawaida ya uzamiaji huhitaji marekebisho kuanzia mita 300 hivi. Kujichosha chini ya maji mahali kama hapo ni kuongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo. Pingamizi la bei lina uzito zaidi, kwani mapezi na buti ni manunuzi mawili. Hata hivyo, mapezi ya kisigino wazi yanafaa pwani pia, wakati yale mepesi hayalifai tope. Anayenunua mara moja anunue haya. Ya mtumba hayana ubaya, mradi mpira haujapasuka penye mkanda.

Buti zinunuliwe kwanza, kisha mapezi yajaribiwe zikiwa mguuni: vidole visibanwe, kisigino kisicheze. Mapezi mazito ya mpira huzamisha miguu, na maji baridi ya ziwa hubeba mwili pungufu kidogo kuliko ya chumvi, hivyo uzani wa kiunoni upimwe upya. Zoezi la kwanza liwe bwawani. Misuli ya shavu la mguu ikikaza, shika ncha ya pezi uivute kwako mpaka iachie.

Yako pia maduara na mashimo ya dhahabu yaliyojaa maji, na vijana huyatamani. Kuta zake hubomoka na maji yake yanaweza kuwa na zebaki. Huko hakuna pezi linalofaa, tusizamie.