Antena ya juu ya mabati

Ukipita katika komini za Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, inua macho: antena bado zimesimama juu ya mabati. Kwa familia nyingi za Lubumbashi, ndizo zinazoleta habari za Kiswahili za RTNC, stesheni ya taifa, na vipindi vya stesheni za hapa kwetu, bila abonema. Antena unainunua mara moja, basi. Dekoda ya kulipia ina masharti yake: mwezi ukiisha na feza haipo, picha inakatika.

Juu ya kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda matangazo mengi ya analojia yasiingiliwe. Dijitali yenyewe ni nzuri. Picha ni safi, na mkondo mmoja wa masafa unabeba stesheni kadhaa. Lakini Dar es Salaam, analojia ilipozimwa tarehe 31 Desemba 2012, wasio na king'amuzi, yaani dekoda, waliachwa gizani.

Hapa kwetu yasitokee hayo. Tunawaomba viongozi: stesheni ya taifa na za mkoa zibaki bure hewani. Mama anayeuza mboga sokoni asilipie habari za mji wake mwenyewe.