Amri Haramu Haitiiwi

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo mnivumilie nikianza na kesi.

Tarehe 16 Machi 1968, kombania moja ya jeshi la Marekani, Charlie Company, iliingia kijiji cha My Lai, Vietnam ya Kusini. Walitegemea kukuta wapiganaji. Wakakuta wazee, akina mama na watoto. Hakuna aliyewarushia risasi. Waliua kwa saa kadhaa. Vietnam inahesabu waliouawa 504.

Je, wale askari walikuwa majini? Hapana. Wengi walikuwa vijana wa rika letu. Sasa nini kiliwafikisha pale?

Kwanza, mafunzo. Kuruta anafundishwa kutii haraka, na kuna sababu: mkianza mjadala katikati ya risasi mtakufa wote. Lakini pamoja na utii walijifunza jina la dharau la kuwaita Wavietnam wote, mkulima na mpiganaji bila kubagua. Mtu ukishamvua ubinadamu kwa mdomo, mkono nao unakuwa mwepesi.

Pili, kundi. Wiki chache nyuma, mabomu ya kutegwa yalikuwa yamewaua na kuwajeruhi wenzao. Ikabaki "sisi" na "wao". Kwenye hali hiyo, asiyefyatua risasi anaonekana kawasaliti ndugu zake.

Hata hivyo, wapo waliokataa, wengine ndani ya kombania hiyohiyo. Na rubani Hugh Thompson, miaka 24, akiona kutoka juu, alitua na helikopta yake kati ya askari na wanakijiji. Akawaambia wenzake wawili: Wamarekani wakiwapiga hawa raia, wapigeni wao. Naye alikuwa amepitia mafunzo ya jeshi. Kwa hiyo mafunzo hayamalizi akili ya mtu.

Mwaka 1971 Luteni William Calley alitiwa hatiani kwa mauaji ya raia 22. Alijitetea kwamba alitii amri. Msimamo wa sheria ulikuwa wazi: amri ambayo mtu wa akili za kawaida anajua ni haramu, haikukingi. Alihukumiwa maisha, ila hakufikisha hata miaka minne, mingi akiwa kizuizini nyumbani. Ni yeye peke yake aliyetiwa hatiani. Thompson alisubiri nishani miaka 30.

Sasa tuje kwetu. Tunaitana makamanda. Tuna sare, tuna nyimbo, tuna kikosi cha ulinzi. Mimi navipenda. Lakini mwezi uliopita, kwenye kikao chetu, mwenzetu aliwaita vijana wa chama kingine mende. Ukumbi ukacheka. Na mimi nilicheka, jamani. Nilipofika hosteli nikakumbuka neno hilohilo lilivyotumika kwa jirani zetu Rwanda, 1994, usingizi ukakata.

Polisi akitupiga virungu tunasema angekataa amri haramu. Sawa kabisa. Basi kipimo hicho kitupime na sisi.

Naomba mambo mawili kabla ya mkutano ujao wa hadhara. Kikosi chetu kiwe na kanuni ya maandishi: hakuna kiongozi mwenye mamlaka ya kuagiza mtu apigwe. Na atakayekataa agizo kama hilo asiitwe msaliti. Huyo ndiye kamanda.