Nishati Hairudi Ziwani



Swali ninalotaka kulijibu jioni hii analijua kila aishiye kando ya Ziwa Viktoria: kwa nini chakula kingi cha ziwa kubwa namna hii kinatoka kwa samaki mdogo kiasi hiki? Kwa miaka ya karibuni, dagaa ndiye aliyebeba zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani humu. Bei, zana na soko vina sehemu yake katika jibu. Lakini chini ya hayo yote kuna fizikia, na fizikia haibembelezeki.

Mwaka 1840 daktari kijana wa Kijerumani, Julius Robert Mayer, alifika Java akiwa katika meli ya Kiholanzi. Alipowatoa damu mabaharia, kama tiba ya enzi hizo ilivyotaka, alishangaa kuona damu inayorudi moyoni ikiwa nyekundu ya kung'aa, karibu sawa na ile inayotoka moyoni. Alifikiri hivi: katika nchi ya joto, mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili kulinda joto lake, kwa hiyo oksijeni nyingi hurudi bila kutumika. Kutoka hapo akafika mbali zaidi. Chakula, joto na kazi ya misuli ni sura mbalimbali za kitu kimoja, ambacho hakiumbwi wala hakiangamii. Aliyachapisha hayo mwaka 1842, na kwa miaka mingi wanasayansi wakubwa hawakumjali. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya themodinamiki, na napenda wanafunzi wakumbuke kwamba mmoja wa waliotuletea hakuanza na injini ya mvuke. Alianza na mwili wa mtu aliyekula akashiba.

Kanuni ya pili ndiyo yenye uchungu. Rudolf Clausius, aliyeunda neno entropia mwaka 1865, alionyesha kwamba kila nishati inapofanya kazi, sehemu yake hutawanyika kama joto ambalo haliwezi tena kukusanywa lote likafanya kazi ileile. Huwa naulizwa kama uhai hauivunji kanuni hii, maana mwani hukusanya vitu vilivyotawanyika na kujenga seli yenye mpangilio wa ajabu. Hauivunji. Mwani hujenga kwa sababu jua halikomi kuumwagia mwanga, na katika kujenga huko hutoa joto kwenye maji yanayouzunguka. Dunia yenyewe hurudisha angani karibu kiasi kilekile cha nishati inachopokea, ila huirudisha ikiwa mionzi hafifu ya joto ambayo haiwezi kulisha mwani wowote. Naitrojeni na fosforasi huzunguka: samaki hufa, huoza, na madini yake huliwa tena na mwani. Nishati hupita mara moja tu.

Aliyeiingiza hesabu hii katika elimu ya viumbe kwa ukamilifu ni Raymond Lindeman, kijana wa Kimarekani aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota. Alifariki mwaka 1942, miezi michache kabla makala yake haijachapishwa. Miaka 15 baadaye Howard Odum alitoa vipimo vyake vya chemchemi ya Silver Springs, Florida. Katika kila mita ya mraba kwa mwaka, mimea na mwani vilinasa kilokalori 20,810. Walao mimea wakapata 3,368. Wawindaji wao 383. Na wawindaji wa juu kabisa 21.

Tazameni tarakimu hizo vizuri, kwa sababu shuleni tunafundishwa asilimia 10 kana kwamba ni sheria ya maumbile. Si sheria. Kutoka mimea hadi walao mimea ni kama asilimia 16, na kutoka wawindaji hadi wawindaji wa juu haifiki 6. Fizikia haikutaja kumi. Imesema tu kwamba kila hatua lazima nishati inayoweza kutumika ipungue. Ipungue kiasi gani, hilo huamuliwa na maumbile ya mlaji: anatafuna nini, anayeyusha nini tumboni, anatumia kiasi gani kuogelea na kuhema. Mnyama mwenye damu moto hulipa zaidi kuliko wote, kwani sehemu kubwa ya anachokula huishia kuupasha mwili wake joto.

Sasa turudi nyumbani. Mwani hunasa sehemu ndogo sana ya mwanga unaolipiga ziwa, aghalabu chini ya asilimia 1. Wanyama wadogo wasioonekana kwa macho huula mwani. Dagaa huwala hao, pamoja na viluwiluwi vya wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi mweusi. Sangara humla dagaa. Tukichukua asilimia 10 kama kadirio tu, kilo moja ya sangara imebeba nyuma yake kilo 10 za dagaa.

Sangara alipandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafurika katika miaka ya 1980. Kwanza aliwamaliza furu, jamii ya samaki wadogo wenye mamia ya spishi, nyingi kati ya hizo hazijaonekana tena. Furu walipoadimika aligeukia uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Hapo ndipo hesabu inapouma, kwa kuwa sangara anapomla sangara hatua moja zaidi imeongezwa kwenye mnyororo, na joto la hatua hiyo halipati kuonekana sokoni.

Mtaalamu wa uvuvi anaweza kunijibu kwamba vipimo vya ziwani vimewahi kukuta uzito wa sangara ukilingana na wa dagaa, hata kuupita. Ni kweli, na hakuna mgongano. Uzito ulioko majini siku ya kipimo ni akiba, nami nazungumzia mtiririko. Dagaa huzaliwa, hukua na kuliwa upesi. Sangara mkubwa amekaa miaka kadhaa akikusanya. Piramidi ya uzito inaweza kupinduka. Ya nishati haipinduki kamwe.

Kuna jambo moja mwaloni ambalo naona halijapewa uzito unaostahili. Sangara ana mafuta mengi, hakauki juani, hivyo hubanikwa kwa kuni. Dagaa hukaushwa na jua lilelile lililolisha mwani. Lakini anapoanikwa mchangani huchanganyika na mchanga, na mvua ikinyesha huoza. Huyo hauziki kwa mlo wa watu. Ananunuliwa kwa bei ya chini na kusagwa kuwa chakula cha kuku. Kuku hali dagaa peke yake, na mayai yake tunayahitaji. Hata hivyo mwili wake hukaa kwenye nyuzi 41 usiku na mchana, na nishati ya kuushikilia hapo hutoka kwenye kile anachokula.

Kichanja cha miti na wavu, kilichoinuliwa hadi kiunoni, humtoa dagaa mchangani na kumpeleka moja kwa moja kwenye sahani ya mtu. Mbao chache na wavu mkuukuu vinafuta hatua nzima ya mnyororo. Fedha inayotengwa kuongeza mitumbwi na taa ningeielekeza kwanza huko, kwenye vichanja na mabanda ya kukaushia wakati wa masika, kabla ya kulidai ziwa litoe hata kilo moja zaidi.