Baba na Sala za Watoto Wake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, jioni ya siku ya kwanza ya mkutano wetu)



Kamati iliniomba niseme juu ya malezi katika nyumba ya Kikristo, hasa jinsi ya kuwafundisha watoto wadogo kuomba. Wenzetu kadhaa waliposikia habari hii walicheka, wakasema somo hilo ni la umoja wa akina mama, si la wanaume waliokuja kuonana na kula pilau. Nawashukuru kwa kicheko chao, kwa maana wamenionyesha mahali pa kuanzia. Neno langu la jioni hii ni moja tu: mtoto hujifunza kuomba kwa kumsikia mzazi wake akiomba, na katika nyumba nyingi sauti ya baba haisikiki.

Hapa shuleni tulifundishwa kuomba kwa kengele. Iligongwa alfajiri tukaenda kanisani. Iligongwa jioni tukaenda tena. Bwaloni hakuna aliyegusa ugali na maharage kabla kiranja hajaomba. Utaratibu ule ulikuwa mwema na siudharau. Lakini ulikuwa na upungufu mmoja: haukumdai mtu aanzishe sala yeye mwenyewe. Siku ya kufunga masanduku na kuondoka, kengele ilibaki hapa kwenye nguzo yake. Wako walioondoka nayo moyoni, na wako walioondoka bila ya kengele, wakawa kama saa iliyokosa mtu wa kuitia ufunguo.

Hao wakaoa wakapata watoto, na kazi ya kuwafundisha wakaigawa kwa watu wengine. Sehemu moja alipewa mama, ya pili alipewa dada anayesaidia kazi za nyumbani, na iliyobaki alipewa mwalimu wa shule ya Jumapili. Baba alibaki na ada ya shule na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Sasa tufanye hesabu ndogo. Juma moja lina saa 168. Shule ya Jumapili ikichukua saa moja, zinabaki 167. Mwalimu yule, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuzijaza.

Wengine walitegemea shule za bweni. Lakini Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hadi darasa la nne, ili watoto wa umri huo walelewe na wazazi wao. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba analala nyumbani, chini ya paa la baba yake. Nani ataomba naye kabla hajalala?

Neno la Mungu lasemaje?

Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 6, mstari wa 6 na wa 7. Wazazi wanaagizwa kuwafundisha watoto wao kwa bidii, na nyakati zinatajwa: wakiwa wameketi nyumbani, wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Angalieni kwamba hekalu halikutajwa hapo, wala shule. Nyakati zote nne ni za maisha ya kawaida, ambazo mzazi anazo tayari.

Wenzetu Walutheri wanayo Katekisimo Ndogo. Martin Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya kuzikagua sharika za Saxony na kukuta watu wengi wa vijijini hawajui hata Sala ya Bwana. Katika vichwa vya sehemu zake aliandika kwamba haya ndiyo ambayo baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Sala za asubuhi, za jioni na za mezani nazo aliziweka mikononi mwa baba. Wengi tulikikariri kitabu hicho kwa ajili ya kipaimara, tukadhani kiliandikwa kwa ajili ya wachungaji.

Tena msomeni Timotheo. Katika waraka wa pili, sura ya 1 mstari wa 5, Paulo anaitaja imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike. Habari ya baba tunaipata katika Matendo 16:1, nayo ni fupi: alikuwa Myunani. Basi. Mungu aliwatumia wanawake wale wawili, na hata leo nyumba nyingi zinasimama kwa magoti ya akina mama na mabibi. Tuwashukuru. Lakini mwanamume Mkristo asiridhike watoto wake wakija kuulizwa habari za baba yao, wakaweza kutaja kabila lake na kazi yake tu.

Tuanzeje?

Wahenga walisema: udongo upatilize ungali maji. Mtoto anayenyonya haelewi maneno, lakini anaijua sauti. Mpakate, omba kwa sauti ya kawaida, kwa ufupi. Anajifunza kwamba katika nyumba hii kuna Mtu mwingine anayesemeshwa.

Akifika miaka miwili au mitatu, mpe sentensi moja. Amshukuru Mungu kwa uji, kwa mama, kwa mvua, kwa kuku wake. Msimcheke akiombea kuku. Kwake kuku huyo ni mali, na Mungu anayehesabu shomoro hataona haya kusikia habari za kuku. Mtoto akichekwa siku moja mbele ya wageni, huenda akafunga kinywa mwaka mzima.

Kuanzia miaka minne mfundishe Sala ya Bwana, kipande kwa kipande, wala usiende kipande cha pili kabla hajaelewa cha kwanza. Watoto wengi hulikariri neno wasilolijua. Chukueni neno mkate. Mtoto wa nyumba inayokula ugali au ndizi atauliza kwa nini tunaomba mkate. Swali lake ni zuri. Mwambie kwamba katika Biblia yetu, Mathayo 6:11, neno lililotumika ni riziki. Na Luther alipolieleza ombi hilo alitaja chakula, mavazi, nyumba, shamba, mifugo, hata majirani wema. Kisha mwulize: wewe leo umepata riziki gani? Hapo sala imeondoka ulimini ikaingia moyoni.

Akianza shule, mfundishe kuwaombea wengine: mwenzake aliye mgonjwa, mwalimu wake, hata yule aliyempiga wakati wa mapumziko. Mara moja kwa juma mwachie yeye aongoze sala ya nyumba nzima, na baba ainamishe kichwa aitikie Amina. Jambo hilo ni kubwa machoni pa mtoto.

Juu ya lugha: mtoto aombe kwa lugha anayolilia. Akianguka akalia kwa Kihaya, aombe kwa Kihaya. Akilia kwa Kiswahili, basi Kiswahili. Kiingereza cha shuleni kina mahali pake, lakini kumkalifisha mtoto aombe kwa Kiingereza ili wageni wasikie ni kumfundisha kuomba kwa wageni. Bwana Yesu alikwisha kutuonya juu ya sala za kuonekana na watu, Mathayo 6:5.

Mambo ya kuepuka

Kwanza, sala isiwe adhabu. Mtoto aliyekosa asiambiwe kupiga magoti na kuomba nusu saa. Atachukia magoti na sala pamoja.

Pili, Mungu asiwe kiboko cha nyumba. Tukisema kila mara kwamba Mungu atakuchapa, tusishangae mtoto akimkimbia.

Tatu, sala isiwe ndefu. Chakula kikipoa na mtoto akisinzia, baba amehubiri, hakuomba. Dakika tano kila usiku zatosha. Kwa mwaka mzima zinapita saa thelathini.

Nne, sala isitengwe na matendo. Mtoto akiwa na homa, mwombee na umpeleke hospitali apimwe malaria, unywe dawa wote ufuatwe mpaka mwisho. Mungu aliyetupa magoti ya kupiga ndiye aliyewapa waganga akili.

Tano, na hili nalisema kwetu wanaume. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3 mstari wa 7, anawaagiza waume wakae na wake zao kwa akili na kuwaheshimu, ili maombi yao yasizuiliwe. Mtoto hakusoma mstari huo, lakini anaujua. Akimsikia baba anaomba saa mbili, na saa tatu anamsikia anamtukana mama, atajua ni sauti ipi iliyo ya kweli. Hakuna mafundisho ya sala yanayoweza kupita juu ya jambo hilo.

Sala isiyojibiwa kama tulivyoomba

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Mtoto wa miaka sita amemwombea bibi yake apone, kila usiku, kwa mwezi mzima. Bibi akafariki. Tumwambie nini?

Tusimwambie kwamba bibi amesafiri. Tusimwambie kwamba hakuomba kwa imani ya kutosha. Huo ni mzigo usiofaa kutwikwa mtoto. Tumwambie kweli kwa maneno machache: bibi amekufa, sisi nasi tuna huzuni, Mungu alisikia, na hatujui kwa nini hakumponya. Kisha tumsimulie habari za Gethsemane. Bwana Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, naye akakinywa. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa, 2 Wakorintho 12. Mtoto akijua kwamba hata hao waliomba hivyo, hataona kwamba ameachwa peke yake. Na usiku huohuo baba aombe tena pamoja naye, hata kwa machozi. Kama baba ataacha kuomba usiku ule, mtoto atakuwa amefundishwa kwamba sala ni ya siku za raha.

Visingizio vyetu

Utasikia mtu akisema: nafika nyumbani wamelala. Basi amka nao. Mwingine atasema: mimi ni dereva wa masafa, nalala njiani siku nne kwa juma. Siku hizi simu iko karibu kila nyumba. Piga kabla hawajalala, uombe nao kwa dakika mbili. Mwingine atasema: sijui kuomba kwa maneno yangu mwenyewe. Ndugu yangu, hata wanafunzi wa Bwana walimwomba awafundishe, Luka 11:1, nao walikuwa watu wazima wenye kazi zao. Anza na Sala ya Bwana, uiseme polepole pamoja na mtoto. Huenda mkajifunza wote wawili.

Kwenu vijana

Ninyi mnaosoma hapa msidhani kwamba maneno haya yanawangoja mpaka muoe. Mwende likizo mwezi ujao au mwaka ujao, nyumbani mna wadogo zenu. Wanaiga jinsi mnavyotembea, mnavyochana nywele na mnavyosema. Kijana wa kidato cha tatu akiketi mkekani na mdogo wake wa miaka mitano, akaomba naye kabla ya kulala, yule mdogo atajua kwamba kuomba si kazi ya wanawake na wazee peke yao. Na kama nyumbani kwenu baba haombi, usimhukumu. Mwombe kwa adabu: Baba, naomba utuombee kabla hatujala. Ni wachache watakaokataa, na si ajabu baba alikuwa anangoja mtu wa kumwomba.

Ndugu Mwenyekiti, kesho jioni tutaagana na kila mtu atarudi kwake. Tutafika tumechoka, watoto watatukimbilia kuangalia tumewaletea nini. Tuwape mikate na peremende tulizowanunulia njiani. Kisha, kabla hawajalala, tukae nao chini, redio na televisheni zizimwe kwa dakika tano, na baba aombe kwa sauti.

 Mungu azibariki nyumba zenu.