Kabla ya Kukopa Ili Kununua Ploti
(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya akiba, Mambrui)



Tumeitwa tuzungumze juu ya kununua ardhi kwa nia ya kupata faida. Jambo hili si geni hapa. Tangu hoteli na majumba ya wageni yajae Malindi, ploti za upande wetu huu wa mto Sabaki nazo zinatafutwa, na madalali hawalali. Nasi twauliza: mbona wanunue wengine, sisi tutazame tu? Swali ni zuri. Lakini kabla ya kutia sahihi mkopo, tujiulize kwanza: tunanunua nini hasa?

Hapa pwani mtu aweza kuwa na nyumba bila ardhi iliyo chini yake. Mwingine ana minazi na mikorosho, lakini shamba si lake. Mambo haya yana mizizi ya zamani. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa maili 10 wapeleke madai yao; ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wengi, hasa Wamijikenda, walibaki bila hati, na wajukuu wao ndio tunaowaita maskwota. Basi mzee anayekuuzia aweza kuwa mkweli kabisa, amezaliwa pale na kuzika wazazi wake pale, na bado hana ardhi ya kuuza. Amekuuzia minazi tu.

Kwa hiyo tufuate hatua.

Kwanza, chukueni nambari ya ploti mwende ofisi ya ardhi, rejista ikaguliwe. Mtajua mwenyewe ni nani, na kama ardhi imewekwa rehani au imezuiliwa na korti. Fotokopi ya hati haitoshi, jamani.

Pili, nendeni mkaione pamoja na mpima ardhi, mwone bikoni. Waulizeni majirani na mzee wa kijiji. Mkikuta watu wanaishi pale, simameni. Aliyekaa wazi kwa miaka 12 katika ardhi ya mtu binafsi, bila ruhusa wala kuondolewa, aweza kwenda kortini kudai iwe yake. Tena ni watu wenye watoto. Faida ya kuvunja nyumba ya jirani tutaila vipi?

Tatu, kama ni ardhi ya kilimo, lazima kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Bila kibali, mapatano ni bure. Sheria yakuruhusu kudai pesa zako, lakini utazidai kwa mtu aliyekwisha kuzitumia!

Nne, arubuni iwe ndogo, ipitie kwa wakili, na pesa zilizobaki zitolewe wakati wa kuhamisha hati. Msisahau ushuru wa stempu: asilimia 2 ya thamani mashambani, asilimia 4 mjini.

Sasa mkopo wenyewe. Ukikopa shilingi 300,000 kwa miaka 3, riba asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, utalipa karibu shilingi 10,000 kila mwezi. Jumla ni kama shilingi 358,700. Ploti tupu haikupi hata senti wakati huo. Pesa hizo zitatoka wapi, samaki wakikosekana au mvua ikikataa? Kama jibu ni "tutauza ploti kwa bei nzuri", hiyo ni bahati nasibu, si mpango.

Na nyumba mnayoishi isiwekwe rehani kimya kimya. Sheria yataka mume au mke akubali, kwa rehani na kwa kuuza pia. Akina mama, msitie sahihi karatasi ambayo hamkusomewa.

Ploti yaweza kungoja mwezi mmoja tuichunguze. Dalali akisema haiwezi, mwacheni aende nayo.