Kukanda kwa Maji ya Moto: Yanayofaa na ya Kujihadhari Nayo

(Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Nimetumwa kuzungumzia huduma ya fiziotherapia, nami nimechagua sehemu moja tu ambayo kila nyumba inaijua, nayo ni joto. Ni kaya chache hapa ambazo hazijawahi kubandika sufuria ya maji kwa ajili ya kiuno cha babu au bega la mtu aliyetoka kulima. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kuyafikisha kwenu yale wanayoyafundisha wataalamu.

Ngozi inapopashwa moto, mishipa midogo ya damu hutanuka na damu hupita kwa wingi zaidi. Ndiyo sababu mahali palipokandwa hubaki na uvuguvugu hata kitambaa kikishaondolewa. Damu hiyo huleta oksijeni na lishe, na huondoa taka zilizojikusanya. Msuli uliokazana hulegea. Mishipa ya fahamu inayotambua joto nayo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na taarifa hizo hupunguza nguvu ya zile za maumivu. Kwa hiyo nafuu anayoipata mgonjwa ni ya kweli, wala si dhana tu ya wazee.

Lakini liko jambo la nne, na kwa mtaalamu wa fiziotherapia huenda ndilo kubwa kuliko yote. Nyuzi za kano na za kifuko cha kiungo hunyumbulika zaidi zikiwa zimepata moto. Mtu aliyefunguliwa plasta gumu, goti likawa halikunjiki, hupashwa joto kwanza, kisha kiungo hunyooshwa na kufanyishwa mazoezi kabla hakijapoa. Anayekandwa kisha akarudi kulala amepata nusu ya dawa. Wapo wanaolalamika kwamba hospitalini “walifanyishwa mazoezi tu”. Ndugu zangu, mazoezi hayo ndiyo tiba yenyewe.

Sasa kuhusu kiasi. Joto linalotibu ni lile linaloifikisha nyama ya mwili kati ya nyuzi 40 na 45 za Selsiasi. Likizidi hapo, huanza kuunguza. Maji ya nyuzi 60, ambayo bado yako mbali na kuchemka, huweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na mtoto au mzee kwa muda mfupi zaidi. Tena joto la kitambaa au chupa huingia kama sentimita 1 tu chini ya ngozi. Kuzidisha moto ili “ufike mfupani” hakufikishi kitu mfupani, kunachoma ngozi. Hospitalini mgonjwa hufungiwa pakiti ya moto juu ya taulo kavu zilizokunjwa mara kadhaa, kwa dakika 15 hadi 20, na ngozi yake hukaguliwa kila baada ya dakika chache.

Naomba akina mama, na hasa mabibi wanaowalea wazazi, wanisikilize hapa. Kumkanda mzazi tumboni kwa maji ya moto ni desturi yenye upendo ndani yake, na sikuja kuwadharau waliotulea. Lakini mji wa mimba hujirudi wenyewe, ukisaidiwa na mtoto kunyonya, na damu ya uzazi hutoka yenyewe kwa wiki kadhaa. Haihitaji kusukumwa kwa moto. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji hatari ni kubwa zaidi. Kisu kimekata mishipa ya fahamu, hivyo ngozi kandokando ya mshono huwa na ganzi. Mzazi anaweza kuungua pasipo kupiga ukelele, mkandaji naye akadhani maji yanamfaa. Kidonda kikilowa, vijidudu hupata njia. Mzazi huyo asikandwe tumboni. Kama damu inatoka kwa wingi au ina harufu mbaya, au ana homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wenye kisukari wako katika hali inayofanana na hiyo. Ugonjwa huo huua hisia za miguu polepole. Baba anatumbukiza miguu kwenye beseni apate kuchangamka, haoni shida yoyote, na kesho yake malengelenge yamejaa. Kidonda cha namna hiyo kisipotunzwa kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Mwenye kisukari asiloweke miguu katika maji ya moto. Hata maji yake ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, na ikiwezekana kiwe kiwiko cha mtu mwingine. Hali ni hiyo hiyo kwa upande uliopooza wa mgonjwa wa kiharusi, na kwa yeyote mwenye ganzi ya ukoma.

Kwa aliyeteguka leo, asikandwe leo. Katika saa 48 za mwanzo joto huongeza uvimbe na kuvuja damu ndani. Apumzishe kiungo, akiinue, aweke kitambaa cha maji baridi. Asipoweza kukanyaga kabisa, aende akapimwe kama amevunjika. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma bila sababu usikandwe wala kusuguliwa, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Mnapokwenda kliniki ya fiziotherapia, chukueni kadi zenu na barua ya rufaa mliyopewa zahanati, na mvae nguo inayofunguka kwa urahisi. Mweleze mtaalamu kama mna chuma kilichowekwa mfupani, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, au ujauzito, kwa sababu zipo mashine za joto la ndani zisizowafaa watu hao.

Sasa Mheshimiwa Diwani atapokea maswali yenu.